Mbao Mia Sita na Kumi na Mbili

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Kuta zinatoka jasho la unyevu, hapa kusini mwa China, wiki ya tatu sasa. Mhariri wa Dar anataka maneno mia nane kuhusu "nyumba ya Kimarekani ya Dongshan". Kasoma tangazo la kampuni iliyopewa nyumba hiyo, kalipenda. Hupenda matangazo yote.

Ukweli wenyewe: mwaka 1921 Mchina mmoja aliyerudi kutoka mashamba ya matunda ya California aliiagiza kwa katalogi. Ikaja melini ndani ya masanduku, mbao 612, kila moja imegongwa muhuri wa namba ya mahali pake. Paa la chini lililotokeza mbali. Kenchi wazi, hazikufichwa. Baraza pana, nguzo nene chini na nyembamba juu. Mtindo huo ulianzishwa na watu waliochoshwa na mapambo ya kiwandani — walitaka kuona kazi ya mkono. Basi viwanda vikaanza kuwauzia kazi ya mkono kwa posta. Binadamu!

Sasa kampuni imepewa iihifadhi. Kuhifadhi kwao ni mkahawa. Februari waliibomoa ubao kwa ubao ili waijenge upya. Anayeijua vizuri ni mmoja tu: Domina wa Bukoba, anayesomea uzamivu wa majengo ya kale. Kwa miezi kumi na minne alilala chali chini ya paa lile akipima.

Jumatano, 9 Aprili

Bohari la kampuni. Laoban Liang — hapa kila bosi ni laoban — alitupokea mimi na Domina kwa chai na kofia nyekundu. Kofia nimeiacha mezani.

Akafunua turubai kwa madaha. Mbao ziling'aa kama mpya. Alikuwa amezipiga randa zote, pande zote nne, wageni wa serikali wasione uchafu.

Domina aligeuza ubao mmoja. Akageuza mwingine. Alipofika wa tisa akaacha kugeuza. Akamuuliza kwa Kichina namba ziko wapi.

Laoban alicheka. Meiyou — hakuna tena! Alidhani ni alama za ghalani.

Nimeandika habari za vita na za mawaziri. Uharibifu uliofanywa kwa bidii kiasi hiki ni nadra.

Jumamosi, 12 Aprili

Chakula mtaa wa Xiaobei, na Domina. Othman alikuwepo, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuja kwa maonyesho ya Pazhou. Laoban ameshaahidi kumuuzia mbao zote, azifanye milango. Nyumba itajengwa kwa saruji iliyopakwa rangi ya mbao.

Isipokuwa Domina akisaidia. Daftari lake lina kila ubao: fundo, ufa, matundu ya misumari. Randa haiondoi tundu. Lakini laoban ana sharti: kwanza atie saini kwamba kampuni ilifuata taratibu zote. Profesa wake anamsihi atie. Profesa huyohuyo ndiye atakayepitisha tasnifu yake, na maabara yake imejengwa na kampuni hiyohiyo. Msomi!

"Yakhe, mie nikizichukua, angalau zitafika kwa watu wanaojua nini mlango," Othman alisema.

"Wewe uliyeng'oa mlango wa bibi yako ukaweka alumini?"

"Ule ulishaliwa na mchwa, dada!"

"Mchwa walishindwa kuumaliza kwa miaka mia. Wewe uliumaliza asubuhi moja."

Othman akaomba pilipili.

Tulipotoka, Domina aliniambia: "Kaka, usiandike bado. Ukiandika leo, kesho mbao zinaondoka, na mimi nyuma yake."

Nimempa hadi Alhamisi, siku ya uzinduzi. Sijawahi kumpa mtu yeyote siku tano. Sijipendi kwa hilo.

Jumanne, 15 Aprili

Othman kapiga simu kutoka Pazhou. Kontena la mbao limepata nafasi bandari ya Nansha, Ijumaa. Sauti ya mtu anayetoa pole huku akipiga hesabu.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika hapahapa kiwanjani, daftari gotini. Sherehe ya kuzindua ujenzi. Zulia jekundu juu ya tope. Mbao zimepangwa kwa picha tu. Malori yanasubiri nyuma ya ukuta.

Laoban alimwita Domina mbele, akampa karatasi na kalamu. Profesa alikuwa akitikisa kichwa kukubali kabla hata hajaulizwa.

Domina aliikunja karatasi, akaitia mfukoni bila saini. Akatoa chaki. Akapiga magoti kwenye ubao wa kwanza, akapapasa matundu ya misumari kwa kidole, akafungua daftari, akaandika: 347.

Wageni wa serikali wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya ratiba! Laoban naye akapiga makofi — angefanyaje? Tabasamu limemganda.

Sasa Domina yuko ubao wa kumi na moja. Profesa amejitenga, simu sikioni. Wageni wanaingia kwenye magari. Wapiga picha wa kampuni wanakunja vitu vyao. Dereva wa lori la kwanza amewasha injini. Laoban anasubiri kamera ziishe.

Zimebaki mbao mia sita na moja.

Kamera iliyobaki ni yangu. Betri asilimia kumi na tisa.