Kamera Iliyoniona Nikisali

Geita,
Jumapili.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Natumaini mko salama hapo Ushetu na mvua haijawaharibia tumbaku. Huku mimi na mkwe wako Abel tu wazima.

Unalikumbuka lori langu la mgodini, lile ambalo tairi lake linanizidi kimo. Sasa wamelifungia kamera inayonitazama macho tu. Nikiyafumba, kengele inalia, kiti kinatetemeka, na msimamizi wetu, Deusdedit, anapata taarifa ofisini. Mwanzoni nilichukia, mtu mzima nachungwa kama ndama. Lakini haikupita wiki, madereva wote tukawa tunakaa wima kama tuko kanisani.

Mwezi uliopita kengele ilinililia mara tatu, tena mchana kweupe. Deusdedit akaniita, akauliza kama nyumbani silali. Nikamjibu kwamba nilikuwa nasali, kwamba mama yangu alinifundisha nisiteremke shimoni kabla ya kufumba macho na kumtaja Mungu. Aliguswa, hata akaniomba nimtaje na yeye. Akaandika kwamba kamera ilikosea.

Mama, sikuwa nasali. Nilisinzia, nikakutanguliza wewe kwenye uongo wangu. Nisamehe.

Jumanne nikasinzia tena. Kiti kiliponitikisa, niliona kibendera kilicho juu ya mlingoti wa pikapu ya fundi wetu Hosiana karibu kabisa na bampa langu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili na kupiga honi. Hosiana akanipungia mkono, akidhani namsalimia. Ana watoto wanne.

Niliegesha nikaenda mwenyewe kwa Deusdedit, nikamweleza yote. Akanivutia kiti. Lori nimenyang'anywa, na ninalionea uchungu. Sasa nakaa naye ofisini kuwaangalia wenzangu wasisinzie.

Sababu ya kusinzia nilimwambia yeye kabla yako, na hilo pia unisamehe. Ulinifundisha kwamba mimba changa haitangazwi, na baada ya zile mbili zilizotoka niliogopa hata kuitaja. Hii imetimiza miezi minne. Ndiyo iliyokuwa ikinilaza.

Ile sala niliyoisingizia niliisali kweli Jumanne, nimesimama chini kando ya lori, macho wazi, nikimtazama Hosiana akienda zake.

Wasalimie wote nyumbani. Shangazi Juliana mwambie pia, ila habari hii asiipeleke kwenye kwaya.

Ni mimi mwanao,
Rebeka