Maneno matatu ya Bibi Marigo

Kilburn, Jumapili, 19 Novemba 2006

Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuingia mifupani. Sikutoka. Nimepika chai mara tatu, na mara tatu nimeiacha ipoe.

Jana nilishukuriwa kwa jambo nisilostahiki, na tangu hapo sina raha.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kwa miaka miwili nilikwenda kila asubuhi kwa Bibi Marigo, mjane wa Kigiriki, mitaa mitatu kutoka kwangu. Namwogesha, namvisha, namnywesha chai, kisha naandika kwenye faili la bluu hali niliyomkuta nayo na kutoka mbio kuwahi basi la kwa mzee wa pili. Jioni walikuja wengine kwa zamu.

Alipopata kiharusi, Kiingereza chote kilimtoka. Ofisi ikamleta mwenzetu mmoja Mgiriki amsikilize. Alikaa naye nusu saa, akatoka akitikisa kichwa. Hiki si Kigiriki, alisema, bibi anaropoka tu.

Hakuwa akiropoka. Lugha ya kwao ni Kitsakonia, ya vijiji vichache kusini mwa Ugiriki, na Wagiriki wengine hawaielewi. Hilo nimelijua jana. Nilichokijua wakati ule ni kwamba majina ya vitu yalikuwa yamempotea, hata kikombe, hata mkate, vikabaki vielezi. Orpa, na kidole kinaelekea kabatini: kule. Tasu, huku akinivuta kutoka kwenye baridi ya mlangoni: ndani. Samere, akigonga kalenda: leo. Kwa hayo tulielewana mpaka kwenye sukari ya chai. Niliyaandika kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa kabati la jikoni, kila moja na maana yake kwa Kiswahili, nisije nikasahau.

Na kwenye faili je?

Kwenye faili niliandika, "Maneno hayaeleweki." Kila asubuhi, wiki baada ya wiki. Ningeandika kwamba namwelewa, ofisi ingeniita nieleze namwelewaje, nijaze na fomu, na mimi nina basi la kuwahi. Ulikuwa uvivu, sina jina jingine la kuupa.

Faili likasomwa na wakubwa. Wakaona bibi hajitambui, hawezi kukaa peke yake, apelekwe nyumba ya wazee. Siku ya kuondoka nilimvisha koti mwenyewe. Tulipofika mlangoni akashika kizingiti kwa mikono miwili, akanitazama. "Tasu," akasema. "Tasu."

Nilimwelewa.

Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, huku nikimwambia kwa Kiingereza kwamba mambo yatakuwa mazuri. Kisha nikaandika, "Ametulia."

Kule alikopelekwa hakukuwa na mtu wa kumjibu hata neno moja. Nilikwenda kumwona mara moja tu, nikamkuta hasemi tena. Mwezi uliopita akafariki.

Jana Bwana Thanasi, mtoto wa mdogo wake, aliniita kule nyumbani kwa bibi anakofungasha vitu; aliona maandishi ya Kiswahili, na ofisi ikamwambia Mswahili ni mimi. Alinipeleka jikoni, akafungua kabati, akaanza kulia. Yeye amekulia hapa London, na katika lugha ya mama yake alibakiwa na majina ya vitu tu. Maneno yale matatu hakuwa ameyasikia tangu mama yake afe.

"Nilidhani mama mkubwa amekufa bila mtu wa kumwelewa," aliniambia. "Kumbe ulikuwepo wewe."

Faili la bluu lilikuwa mezani, limefunuliwa. Ameshalisoma. Aliniuliza kama namjua mwenye saini iliyo chini ya "Maneno hayaeleweki", maana ana neno naye. Saini zetu ni mikwaruzo tu, hazisomeki.

Nikasema simjui.

Jumamosi wanamfanyia arobaini. Kumbe na wao wana arobaini. Anataka nisimame mbele ya jamaa zake niwasomee yale maneno matatu, na nimekubali, Mungu anisamehe.

Sasa kila nikifunga mlango namsikia. Mchana huu binti yangu Rahma alinikuta nimesimama ukumbini, mkono kwenye kitasa. "Mum, who are you talking to?" aliniuliza. Nikamjibu kwa Kipemba changu, naye akaendelea kwa Kiingereza chake, kama siku zote. Nilimtazama nikaogopa. Siku Kiingereza kikinitoka na mimi, nani atakuwa ameshika kalamu?

Nilikuwa nimeamua nitamwambia Bwana Thanasi hiyo Jumamosi, baada ya dua, watu wakishatawanyika. Nimeiandika sentensi hiyo hapa na kuifuta mara mbili. Jumamosi kutakuwa na watu wengi, na mimi najijua, nitapata tena basi la kuwahi.

Kalenda ya jikoni iko mbele yangu ninapoandika. Kwa Bibi Marigo ilitosha kuigonga kwa kidole. Samere.

Nimempigia Bwana Thanasi, simu ninayo mkononi. Inaita.