Rambirambi za Mpira

Champlin, Jumamosi, Novemba 2016. Mwaka wa ishirini tangu niondoke kwetu Uvira.

Wameshindwa tena. Msimu mzima timu ya chuo anayochezea mjukuu wangu Amani haijashinda hata mechi moja ya huu mpira wao Wamarekani wa kugongana vichwa. Nimekaa jukwaani kwenye theluji mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni kina mama wa kanisa wakaja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, wakaketi kimya kama msibani.

“Pole sana, mwanangu,” Mama Neema akamwambia Amani.

Amani akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna aliyekufa.

“Tunajua. Wewe kula. Na kocha tumwekee? Maana mfiwa hasa ni yeye.”

Amani akacheka, mara ya kwanza tangu Septemba. Walipoondoka akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: “Babu, ukirudi Uvira, nani atakuja uwanjani?”

Tangu mama yake afariki, ana mimi tu.

Kaka yangu kule Uvira ameshapaka chumba changu chokaa. Kila mwaka namwambia nitarudi mwakani, kisha kitu kingine kinanifunga huku. Nimechoka kumdanganya. Kesho nitampigia simu nimwambie kwamba sirudi.