Piano Moja, Mikono Minne

Kwako Esperansi, mutoto wa dada yangu,

Tangu uvuke mpaka pale Gatumba na yule Leonidasi kwenda Uvira, Kongo, piano ya marehemu mama yako nimeifunika kitenge, na mi nimebaki na maswali.

Unakumbuka Leonidasi alivyokuja mara ya kwanza? Mwalimu wa muziki kutoka Mutakura, anapanda mpaka kwetu Gihosha, wakati kwa ajili ya vita watu wa huku hawashuki kule na wa kule hawapandi huku. Nikasema, huyu hajaja bure. Akatoa makaratasi. Eti Mujerumani mmoja wa zamani aliandika muziki wa kuchezea sebuleni, si wa kanisani: watu wawili, benchi moja, piano moja. Mkono wake upite chini ya wako! Nikamuuliza, "Huko Ujerumani piano zilikuwa chache?" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Basi mi, niliyemuvuta mamba mkia pale mto Rusizi mpaka akaomba msamaha, nikakaa katikati yenu. Mukacheza mbele ya tumbo langu, mikono inapishana kama watu wa sokoni. "Mjomba, vuta tumbo ndani, linapiga noti!" Nikalivuta ndani kwa kipande kizima cha muziki, bila kupumua. Daktari alishaniambia, mapafu kama yangu hayako Burundi nzima.

Lakini ile Jumapili sijaisahau. Muziki haujaisha, Leonidasi akaacha kucheza, akakushika kichwa, akakulaza chini ya piano. Ndipo risasi zikalia mlimani. Ndipo! Nikakuuliza jikoni, mutu gani anajua risasi kabla haijalia? Ukasema, "Mjomba, ye anasikiliza kuliko sisi." Sikukubali. Mpaka leo sijui kama alikuokoa ao alikuwa na habari.

Juzi wanaume wawili wamekuja kumuulizia. Viatu vizuri, hata maji wamekataa. Nimewaambia simujui, na mi nikidanganya hata askofu anasema amina. Lakini wanamutakia nini mwalimu wa piano?

Jumamosi nitakuwa Gatumba, kwa mama anayeuza samaki wadogo, ndagala, karibu na bariyeri ya mpaka. Kuja peke yako, ye usimuambie. Nataka nikuangalie usoni, uniambie kwa mdomo wako kama kwake unalala usingizi. Ukisema unalala, nitakusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwake, na mkono nitamupa.

Anayekupenda kuliko anavyomuamini Leonidasi,
Mjomba wako