Mkono Niliompa Mzee wa Baraza

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zetu zikufikie huko Mbeya. Sisi wazima, mpunga umekomaa, na mama yako anashindana na nguruwe shambani.

Unauliza kama udai fidia ya bega lililoumia baada ya chanjo ya kazini. Dai. Mimi nilidai miaka ile ya ruksa, mitumba ikiwa bado migeni Kibiti. Nilikuwa na mimba ya mama yako, kliniki wakanichoma sindano ya pepopunda bega la kulia, juu mno, karibu na mfupa. Tangu hapo kupiga kafi kulinishinda, na huku Salale asiyeendesha mtumbwi haendi popote.

Siku ya baraza la kusikiliza dai langu, wifi yangu alinifunga kanga mpya. Mwenyekiti, mzee wa rika la baba yangu, akaninyooshea mkono kuvuka meza. Nikamwamkia, nikampa wa kulia, huo huo mbovu. Mkubwa nimpe wa kushoto? Nikatabasamu, machozi nikayameza.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mkono mzima huu?"

Wenzake wakacheka, shauri likaishia hapo, fidia sikupata.

Ile kanga naikumbuka mpaka leo, na nilivyojiona nimependeza. Wewe ukifika mbele yao, shikamoo itoke mdomoni. Mkono ubaki ulipo.

Bibi yako,
Mwanaidi