Saini Yako na Kibao cha Getini

Nyumba ya Mzee Marijani,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Kijichi, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Najat,

Najua ukifungua tu barua hii utanishikamoo huko huko Maskati, basi marahaba mdogo wangu, marahaba mara mbili. Hujambo? Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia mfungo uliopita umeimaliza, au umeiweka kabatini kama kawaida yako? Shemeji Badru hajambo? Na mwanao Marijani, jina la babu yake, shule inaendaje? Sie huku tu wazima alhamdulillahi, ila mie presha ilinipanda kidogo mwezi wa saba, na sababu yake utaisoma humu.

Anayekuletea barua ni Suhaib, kijana wa jirani aliyepata kazi ya udereva huko kwenu. Nimempa na mfuko: bizari nilizosaga mwenyewe, kisamvu kikavu, kanga doti moja, na ubuyu. Ubuyu ni wa Marijani, usiumalize wewe.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu nikipiga naanza habari hii namalizia nyingine, mpaka bando linakwisha na nilichotaka kusema bado kiko kifuani. Hili nataka ulisome umekaa kitako.

Naandika kukushukuru kwa ile saini. Nilikupigia uko kazini, nikakwambia saini hiyo karatasi, mengine nitakueleza. Nyumba ni ya baba, warithi ni wewe na mie tu, na mwingine angesema dada anataka kumzunguka. Wewe hukuuliza hata neno. Ulisaini, ukampa mtu aliyekuwa anarudi Unguja, na siku ya nne karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Sasa nakueleza ulichosaini.

Unamjua Munira wangu. Nesi wa zahanati, wa kwanza katika ukoo wetu wote kuvaa gwanda jeupe, na wagonjwa wakifika hapo wanamtaja yeye kwa jina kabla hawajataja ugonjwa. Mungu hakumpa wa tumboni. Mwaka juzi akaenda ustawi wa jamii, akajaza fomu aombe watoto wa kulea. Serikali wanayaita malezi ya kambo: mtoto asiye na wa kumlea anapewa familia, anakaa nyumbani kwao kama wa kwao, na maofisa wanapita kumtazama. Walikuja hapa wakahesabu vitanda, wakakagua choo, wakafungua mpaka sufuria. Wakasema nyumba safi. Nikawaambia hata mngekuja bila taarifa mngeikuta hivi hivi, na ni kweli.

Tukapewa kwanza Gervas na mdogo wake Gladness, toka nitoke. Gervas sasa ana miaka tisa, Gladness mitano. Baadaye akaja Anwar, wa miaka saba, mtoto wa maneno mengi kama wewe ulivyokuwaga. Wale wawili ni Wakristo, na sharti la ustawi ni waendelee na dini yao, basi kila Jumapili mie nilikuwa nawapeleka kanisani, nakaa nje kwenye benchi na baibui langu nawasubiri mpaka misa iishe. Watu wameshanizoea. Gervas mwaka jana alikuwa wa tatu darasani kati ya watoto themanini na sita. Nakwambia hivyo kwa kuwa najua hujaniuliza.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni langu peke yangu.

Mwezi wa tano Munira alikwenda Morogoro kwenye semina ya wiki nzima. Mie nikawaza, mwanangu anafanya jambo kubwa namna hii na hapa mtaani hakuna anayejua. Wenzangu watoto wao wakipata hata pikipiki wanatangaza. Nikamwita Cyprian fundi seremala, akanichongea kibao cha mninga, upana wake kama mlango, kikapakwa bluu na njano: MAKAO YA WATOTO MUNIRA. KARIBUNI WOTE. Nikakipigilia juu ya geti. Na watoto nikawafundisha, akija mgeni wasimame mstari mmoja waseme kwa pamoja, karibuni Makao ya Watoto Munira. Anwar ndiye aliyekuwa anaanzisha, kwa sauti ya mwadhini.

Munira aliporudi alikisoma kibao akiwa bado ameshika begi. Akaniuliza, "Mama, hiki nini?" Nikamwambia ni zawadi yako. Hakutaka kuniumiza, akaingiza begi lake ndani. Angenisema siku ile ile ningepona mengi.

Kibao kikaita watu. Wakaja akina mama wa kikundi na mafurushi ya nguo kuukuu. Wakaja wapita njia kuuliza tunapokea watoto wa umri gani. Jumamosi moja wakaja wanafunzi wa chuo kutoka hosteli za Mabibo, basi dogo zima, na maboksi ya sabuni na simu za kupigia picha. Basi likaegeshwa mbele ya geti la Mzee Kamugisha, jirani yetu wa ukutani, mstaafu wa posta, mtu wa shati la kuchomekea hata akienda kununua mkaa. Alikuwa na miadi hospitali siku hiyo. Hakuweza kutoa gari saa nzima, na mie nilikuwa nawapanga watoto wapigwe picha, simwoni.

Wiki ya tatu yake ikaja barua ya manispaa yenye mhuri. Inasema kiwanja namba fulani kimepimwa kuwa cha makazi, sie tunaendesha kituo cha watoto bila kibali cha kubadili matumizi ya ardhi na bila leseni. Tusimamishe ndani ya siku thelathini, na ustawi wa jamii watafute pa kuwapeleka watoto. Nilisoma mara tatu. Ustawi wakasema ikifika huko, Gervas ataenda makao ya wavulana na Gladness ataenda kwingine kwa wadogo, na Anwar wataona.

Tulidhani tunazungumza chumbani peke yetu. Gladness alikuwa nyuma ya pazia. Kuanzia siku hiyo akawa analala na viatu vya shule miguuni. Ukimvua anaamka, anavaa tena, anafunga gidamu kwanza ndipo alale. Nilipomwuliza akaniambia taratibu kabisa, "Gervas akiondoka nisichelewe." Najat, mie nimezika mume na nimezika wazazi, lakini lile lilinikalisha chini.

Ndipo Munira akanena. Akasema, "Mama, walipokuja hapa walikuwa wamepata nyumba. Wewe ukawapa kituo." Nilikwenda jikoni nikachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Asubuhi tukaenda manispaa, mie na yeye. Tukampata binti mmoja wa mipango miji, anaitwa Tekla, mdogo kuliko Munira lakini ana subira ya mtu mzima. Akatandaza ramani mezani, akaweka kalamu juu ya kiwanja chetu. Akatueleza hivi, na naandika nilivyoelewa: familia inayolea watoto wachache waliopewa na ustawi, wanalala humo, wanakula sufuria moja, hiyo ni nyumba ya kuishi kama nyingine, haibadilishi matumizi yoyote. Kituo ni habari nyingine, kina wafanyakazi, wageni na magari, na kinataka kiwanja chake na kibali chake. Akaniuliza wafanyakazi ni wangapi. Nikasema ni mie. Akaniuliza analipwa nani. Nikasema nalipwa kelele. Akacheka, akafunga faili, akasema, "Basi mama, tatizo lako liko getini."

Akataka vitu vinne. Kibao kishuke. Wenye nyumba waandike kwamba nyumba itabaki ya kuishi familia, ndiyo hiyo karatasi yako. Serikali ya mtaa watutambue, na aliyelalamika aseme kama bado analalamika. Kisha yeye mwenyewe aje kukagua.

Aliyelalamika ni Mzee Kamugisha. Njia nzima nilikuwa nampangia maneno. Nilipofika nyumbani nikakumbuka jambo, maneno yote yakaisha. Mama yetu, unakumbuka, mtoto mgeni akiingia nyumbani, hata awe wa kuja kukaa likizo tu, siku ya pili anaogeshwa, anapakwa mafuta, anashikwa mkono anapitishwa nyumba kwa nyumba. Huyu ni fulani, mkimwona barabarani ni wenu. Wewe na mie tulipitishwa hivyo kwa shangazi Kunduchi. Watoto hawa wamekaa kwangu karibu miaka miwili na sikuwapitisha hata nyumba moja. Niliandika ubao nikaona inatosha.

Nikakaanga kaimati, nikawaogesha watatu, nikapiga hodi kwa Mzee Kamugisha. Alitukaribisha sebuleni, akakaa wima. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kufanya nilichotakiwa kufanya mwaka juzi. Huyu Gervas, huyu Gladness, huyu Anwar. Ni wajukuu zangu."

Akaniambia, "Bi Chausiku, mimi nilisoma kibao. Ningesoma nini kingine?"

"Hukukosea kusoma. Niliyekosea ni mwandishi."

"Miaka ishirini na miwili tunagawana ukuta. Nikadhani umeamua kufanya biashara na hukutaka nijue."

Hapo alikuwa na haki. Anwar yeye alikuwa ameshaanza kaimati ya nne, katika zile za mwenyeji. Mzee akamtazama akasema, "Huyu si yatima wa chakula." Anwar akamjibu mdomo umejaa, "Babu, za kwako hazina moto, nakusaidia." Mzee Kamugisha alicheka mpaka akavua miwani.

Jioni ile ile alikuja na ngazi yake. Alitaka apande yeye, nikakataa, nikamwambia niliyepigilia ndiye atakayeng'oa. Basi nikapanda mie na umri wangu huu, yeye ameshika ngazi, mtaa mzima unatazama. Misumari ilikuwa sita na nilikuwa nimeipigilia vizuri sana, unajua sifanyi kazi nusu. Barua yake kwa manispaa aliiandika usiku huo kwa mkono, mwandiko wa posta, na mwenyekiti wa mtaa akaweka mhuri kesho yake.

Tekla alikuja Jumanne. Akazunguka vyumba, akaandika, akaona karatasi yako akaisoma yote. Kisha akachuchumaa mbele ya watoto, akauliza, "Hapa ni wapi?"

Anwar akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, na akaanza kwa ile sauti yake ya mwadhini, karibuni Makao. Nilitamani ameze ulimi wake. Gladness akamvuta shati. Akamwambia, "Siku hizi hatusemi hivyo. Hapa kwetu. Kibao bibi alikosea, akaomba msamaha kwa babu wa ukutani."

Tekla akamwuliza kwa nini amevaa viatu ndani wakati sie wote tumevua mlangoni. Gladness akatazama sakafu. Nikamjibu mie, ukweli wote, na hiyo ndiyo mara pekee siku hiyo nilisema bila kujisifu. Tekla hakuandika kitu. Akasimama, akamshika Munira mkono.

Barua ya pili imefika Ijumaa iliyopita. Nyumba ni ya makazi, familia inaendelea kulea, shauri limefungwa. Munira aliisoma kwa sauti sebuleni, na nilipomtaka aisome tena akaisoma tena. Nimeitia kwenye bahasha moja na hati ya baba. Nilitaka kuiwekea fremu niitundike, Munira akanitazama tu, nikaiacha.

Namshukuru Mungu, halafu nakushukuru wewe. Bila jina lako chini ya lile langu, Tekla asingekuwa na cha kupeleka kwa wakubwa wake. Namshukuru na Mzee Kamugisha, ambaye sasa Jumapili anawapeleka wale wawili kanisani na gari lake, na mie napata kulala mpaka saa mbili. Na namshukuru Munira, aliyenisema mara moja na hajarudia. Wangapi wana mtoto wa hivyo? Usinijibu.

Kile kibao sikukichoma, mninga hauchomwi. Cyprian amekikata akatengeneza shubaka la viatu, liko barazani mlangoni. Maandishi yameelekea ukutani, hayaonekani. Kila mtu ana nafasi yake: ya Munira, yangu, ya Gervas, ya Anwar, ya Gladness, na moja tupu nimeiacha yako siku utakayokuja, maana nyumba hii ni yako pia na umeiandikia.

Siku tano nafasi ya Gladness ilikaa bila kitu. Jana nilipoamka alfajiri kutia udhu nilipita hapo barazani. Viatu vyake vilikuwemo, vidogo, gidamu zimefunguliwa, vimesukumwa mpaka ndani kabisa. Nimesimama pale mpaka nikakaribia kuchelewa swala.

Nisalimie Shemeji Badru, mwambie kahawa yake ya mwaka jana bado naisifia. Mbusu Marijani kwa niaba ya mama yake mkubwa. Munira anakusalimu, na Gervas, na Gladness, na Anwar, ambaye ameuliza kama Maskati kuna kaimati. Mungu akupe afya ya goti na ya moyo, akufungulie njia ya kuja, akukutanishe na sie tukiwa wote tumetimia.

Ni mie dada yako, ninayekupenda tangu nikubebe mgongoni,

Chausiku binti Marijani