Usiling'oe Shina la Mama

Kisangani, Jumapili, tarehe tatu mwezi wa nane. Ni miaka miwili na miezi mitano tangu niondoke Kindu.

Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nimesikiliza mara nne sauti uliyonitumia kwenye simu. Unasema umepewa miche arobaini ya makemba, ndizi zetu za kupika, miche misafi, iliyolelewa ndani ya chupa za maabara, na kwamba utasafisha shamba lote la Alunguli ili ipate nafasi, pamoja na lile shina la mama lililo nyuma ya choo. Sikukujibu kwa simu. Unanijua, mimi na wewe tukianza kuongea tunaishia kugombana. Kwa hiyo naandika, mgongo ukiniuma, nimeketi chini ya migomba ya watu.

Unakumbuka tulivyokimbia vita? Watu walibeba sufuria na magodoro. Mama alizunguka shamba kwanza, wewe ukimlilia aharakishe. Akayapita mashina yaliyonenepa, akachimba lile ambalo wadudu wa fukusi hawakuligusa. Akatoa mtoto mmoja wa mgomba pamoja na udongo wake, akamfunga kwa majani, akamweka mgongoni. Kwenye njia ya Pangi mwanamke mmoja alimcheka: "Mama, wenzako wanabeba watoto, weye unabeba mugomba?"

"Huyu njo mutoto muzuri," mama alijibu. "Halii, na hanitoroki."

Hata sisi wenye hofu tulicheka.

Mimi nilitaka kumkwangua na kumwosha yule mtoto wa mgomba mtoni ili apungue uzito. Mama alinipiga mkono. "Usimukoshe! Weye unajua iko na nani mule ndani?"

Niliona ni maneno ya mtu asiyesoma. Lakini asubuhi zile za msituni bado zinanijia, yaya, hata nikiwa nimeshika jembe. Ukungu umeshuka mpaka magotini, hatuoni miguu yetu, na mama anatembea mbele na jani moja la kijani likichungulia begani kwake. Hakuna sauti ya risasi. Nadhani hakukuwa na siku nyingi za namna hiyo, ila kichwa changu kimezihifadhi hizo tu.

Mgomba ule ulikaa nasi porini, ukazaa watoto, tukarudi nao nyumbani. Shamba lote lilitoka kwao.

Halafu homa ikamchukua mama, na mimi, mwenye miaka miwili tu ya sekondari, nikajifanya mtaalamu. Mwalimu alitufundisha kwamba watoto wa mgomba hukwanguliwa na kutumbukizwa kidogo kwenye maji ya moto, mayai ya fukusi yafe. Kidogo. Mimi niliwaacha humo kama ninayepika sombe ya majani ya muhogo. Nikang'oa mashina yote ya mama, nikapanda watoto wangu weupe kwa mstari, kwenye udongo uleule uliojaa fukusi. Lile la nyuma ya choo nililiacha kwa sababu ya harufu, si kwa heshima.

Mwaka wa pili migomba ikaanza kuanguka. Ulisimama katikati yake, mikono kiunoni, majirani wakisikia: "Eeh, muganga wa makemba! Umewaogesha wagonjwa wako mpaka wamelala wote!"

Nikasema ni upepo. Nimesema ni upepo mpaka leo. Lakini nilikuwa nimepasua vitako vya ile migomba kabla hujafika, nikaona mashimo ya fukusi yamepita kila upande. Haukuwa upepo, yaya. Ilikuwa ni mimi.

Sasa nikuambie kwa nini nakiri leo. Hapa ninapofanya kazi wanachunguza migomba. Kazi yangu ni kuchimba, kubeba na kuosha. Naosha vipande vya mgomba kwa maji ya javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, mpaka vidole vinachubuka, kisha madamu anayetuongoza anavifunika kwenye visahani. Wiki ya kwanza, visahani vyangu vyote viliota manyoya meupe. Nikajua kazi imeisha.

"Madamu, unisamehe, nilikosha muzuri kabisa."

"Papa, ulikosha muzuri," akasema. "Hii haikutoka inje. Ilikuwa inaishi mule ndani."

Akanionyesha. Ni kuvu, yaya, lakini si ile inayoozesha. Inakaa ndani ya mgomba, mgomba unailisha, na kwa nje huoni alama yoyote. Kuna aina ambazo fukusi akitaga mayai yake hapo, kuvu huyaua. Kuna nyingine hazisaidii kitu. Na miche ya chupa, alisema, hutoka misafi mno: fukusi haina, lakini na wakazi wake haina. Ndiyo maana hapa wanajaribu kuwarudisha.

Tangu siku hiyo napita kati ya migomba polepole, kama mtu anayepita uani kwa watu waliolala. Nikiweka shavu kwenye shina, ni baridi, limejaa maji, na naona kama kuna mtu anapumua ndani. Wenzangu wanasema nimechoka. Ni kweli, nimechoka.

Nilimuuliza madamu kama shina la mama lina kuvu ya kulinda. Akasema hajui, huenda ni aina tu ya mgomba, huenda ni bahati. Nimletee kipande, ataangalia. Hivyo mimi pia sijui. Najua tu kwamba migomba yangu yote ilianguka na lile likabaki, na ukiling'oa hatutapata tena wa kumuuliza.

Panda miche yako, sikukatazi. Safisha kote. Ila nyuma ya choo usipeleke jembe, hata kama mume wako anasema pananuka na panatia aibu.

Kazi yetu inaisha mwisho wa mwezi wa tisa. Nitakwenda Ubundu kwa pikipiki, nipande mashua ya balenyera, na mto ukiwa na maji nitakuwa Kindu tarehe kumi ya mwezi wa kumi. Kama umeshaling'oa, usinipigie simu. Niache nifike nikijua lipo.

Mdogo wako